Wifi Wawili, Tableti Moja na Kasha Lisilofunguka



Wiki hii hakuna singo wala mapishi. Kuna gemu. Aliyekwisha kasirika aende akapike, akirudi atatukuta bado tupo.

Tunaandika wawili kwa simu moja, tunapokezana. Mmoja wetu ameolewa katika nyumba hii na mwingine amezaliwa humu. Ni mke na dada wa mwanamume mmoja ambaye yuko Muscat kikazi na hajui kama leo anasemwa. Ili msipotee, mmoja tutamwita wa kuolewa na mwingine wa kuzaliwa. Tukisema "sisi" ni sisi kweli: kila sentensi imesomwa na wote wawili kabla ya kupita, na zilizokataliwa si chache.

Maharusi wengi wanauliza namna ya kukaa na wifi. Jibu la kila mtu hatunalo. Tuna habari zetu za mwaka mmoja kasoro, na ndani yake mna roboti la bati, kasha la chuma na nyumba ya mwanasesere, kwa hiyo mtuvumilie.

Wa kuzaliwa alirudi nyumbani na masanduku mawili na talaka yake wiki tatu kabla ya harusi ya kaka yake. Hebu fikirini. Nyumba inapakwa rangi, mama anahesabu sahani, mashoga wanaingia na kutoka na vyetezo vya udi, na binti wa nyumba yuko eda katika chumba cha uani, miaka minne ya ndoa imekunjwa ndani ya masanduku mawili. Kila mgeni akimwona anamshika mkono kama anayemshika mgonjwa. Fungate ilipokwisha wa kuolewa akaletwa kwao mume. Siku ya pili tu alitoka chumbani kutafuta maji, akasikia sauti nyuma ya mlango wa jiko: "Tutaona na huyu atakaa miezi mingapi."

Maneno hayo hatutayapamba. Yalisemwa. Aliyeyasema yupo hapa ubavuni, anasoma yanapoandikwa, na yeye ndiye aliyeshikilia yabaki.

Wa kuolewa hakujibu kitu. Mume aliporudi kazini, alikwenda Darajani akanunua kufuli, akalitia mlangoni kwake kila akitoka, hata akienda kuanua nguo uani. Waliokaa nyumba za ukoo wanajua uzito wa jambo hili. Kufuli ndani ya nyumba ya mama mkwe linasema humu mna mwizi. Mama aliliona, akanyamaza, akaongeza uradi wake. Wa kuzaliwa aliliona naye, na hakunyamaza, ila hakumsemesha mwenye kufuli. Alisema na masufuria.

Tukakaa hivyo miezi miwili na zaidi. Salamu asubuhi, salamu jioni, kwa kuwa salamu ni haki ya Muislamu juu ya mwenzake, na baada ya hapo kila mtu na ukuta wake.

Ndipo ikaja tableti. Si mpya, kioo kina ufa pembeni, imeletwa na mtu aliyetoka Muscat pamoja na halua. Ujumbe wa sauti ukafuata: "Ya wote wawili. Nimetia gemu moja, haina maneno hata moja, kwa hiyo hamtogombana." Tulimcheka, kila mtu chumbani kwake. Mwanamume na hesabu zake.

Gemu yenyewe ni Machinarium. Imetengenezwa na Amanita Design, kikundi kidogo cha Jamhuri ya Cheki, na ilitoka mwaka 2009. Kuna roboti mdogo aitwaye Josef, ametupwa jalalani nje ya mji wa mashine kuukuu, vipande vipande, na kazi yako ya kwanza ni kumuunga. Ndani ya mji ule kila kitu ni chuma na kila chuma kimechoka. Mabomba yanavuja, mashine zimekwama, hata wapiga muziki wa mtaani vyombo vyao vimeharibika. Hakuna anayesema. Roboti akiwa na lake la kueleza, kinamtoka kiputo kichwani na picha ndani yake. Vyote vimechorwa kwa mkono, na muziki wake ni wa taratibu, unafaa usiku.

Josef hawezi kushika kitu mpaka kiwe karibu yake. Hapo ndipo gemu hii inapotofautiana na nyingi za aina yake, ambazo unagusa popote kwenye picha. Humu lazima umpeleke. Lakini ana uwezo mmoja: mwili wake unarefuka na kufupika.

Usiku mmoja umeme ulikatika baada ya Isha. Mama kalala. Simu zetu zote zimezima, tableti ina chaji nusu. Wa kuolewa alikuwa ukumbini anacheza, amekwama kwenye kitu kilichokuwa juu, anagusa na kugusa. Wa kuzaliwa alitoka kutafuta kiberiti, akasimama nyuma yake. Akasimama muda. Kisha akasema:

"Mrefushe."

Ndilo neno la kwanza tuliloambiana lisilokuwa salamu.

Usiku ule tulimvusha Josef daraja. Mlinzi wa daraja anapitisha askari, na askari wa kule huvaa kofia ya buluu yenye taa juu. Sisi tulikuwa na koni ya barabarani, rangi na balbu. Mnaoelewa mmeshaelewa. Sisi ilituchukua mshumaa mzima. Na msidhani tulizungumza. Tulikuwa tunaelekezana tu: hapo, siyo, rudi, subiri. Lakini mtu akikwambia "subiri" nawe ukasubiri, na kitu kikafunguka kweli, kesho yake inakuwa vigumu kumpigia sufuria.

Gemu ile ina vidokezo, tena imeviweka kwa adabu. Kila mahali unapewa kidokezo kimoja kidogo. Ukishindwa kabisa kuna kitabu chenye majibu yaliyochorwa, lakini kimefungwa, na kukifungua lazima kwanza urushe ufunguo kati ya buibui mpaka ufike kwenye tundu. Maana yake ukitaka jibu la bure, litolee jasho kidogo. Wa kuolewa alikuwa anataka kitabu kila mara. Wa kuzaliwa alikataa kila mara. Huo ndio ugomvi wetu wa kwanza wa kweli, uso kwa uso, na tuliufurahia.

Ni vizuri mjue kwamba wa kuzaliwa ni fundi wa kushona. Amekulia mbele ya cherehani ya miguu ya marehemu bibi, ile ya chuma cheusi, na kwa muda mrefu hatukuona kama jambo hilo lina maana yoyote hapa. Kumbe lina maana kubwa. Mwenye cherehani anajua kwamba mguu ukisukuma chini, gurudumu kubwa linazunguka, mkanda unavuta gurudumu dogo juu, na mzunguko mmoja unaishusha sindano wakati ule ule kilicho chini kinakuja kuunasa uzi. Ukivuruga mpangilio huo, uzi unakatika. Kwa hiyo akiona mashine yoyote ndani ya gemu, swali lake la kwanza ni moja: nguvu inaingia wapi, na inatokea wapi? Wa kuolewa hana swali. Ana vidole. Anagusa kila kitu mpaka kimoja kilie. Mmoja akiwa peke yake anakwama kwa sababu hagusi, mwingine anakwama kwa sababu hatazami. Na kuna jambo alilolisema fundi wetu ambalo bado tunalitumia hata kwenye mlango wa choo: kitu kikikaza usikilazimishe, kirudishe nyuma kwanza.

Tulipoimaliza Machinarium tukaomba nyingine. Ikaja The Room, na hii ndiyo iliyotulaza usiku wa manane.

Ilitoka mwaka 2012, imetengenezwa na Fireproof Games wa mji wa Guildford, Uingereza, na mwaka 2013 ilipata tuzo ya BAFTA ya gemu bora ya Uingereza. Hakuna mji humu, hakuna mtu. Kuna chumba cha giza na kasha la chuma limesimama katikati, limejaa vibati, vifungo na tundu za funguo. Unalizunguka kwa kidole. Unavuta droo nayo inakuja kwa uzito wake, mpaka unasikia inavyosugua. Ukitia ufunguo unaugeuza kweli, kidole kinazunguka, na ndani unasikia meno yanashikana. Kuna funguo ambazo nazo ni fumbo: unaushika mkononi, unaupindua, unayapanga meno yake yalingane na tundu. Na kuna lenzi ya kuvaa jichoni. Ukiivaa yanatokea maandishi na alama za vidole zisizoonekana kwa macho matupu, na lile kasha ulilodhani umelimaliza linakuwa bado kabisa. Ukilimaliza kwelikweli linajifungua lenyewe, pande zinashuka, vipande vinajikunja, na ndani yake mna kasha jingine.

Hapo tuliwekeana sharti: aliyekwama anatoa tableti bila kununa. Hilo la kununa lilikuwa gumu kuliko mafumbo yote.

Wa kuolewa, aliyesoma historia chuoni, akawa na la kwake la kuleta. Kwamba watu wetu walikuwa na mambo haya zamani sana. Banu Musa, ndugu watatu wa Baghdad wa karne ya 9, waliandika kitabu kizima cha vyombo vya hila: mabirika na chemchemi zinazojiendesha. Na mwaka 1206 al-Jazari alimaliza kitabu chake huko Diyarbakır, ambayo leo ni Uturuki. Ndani yake mna saa ya tembo: tumboni mwa tembo mna maji, juu ya maji linaelea bakuli lenye tundu dogo, linajaa polepole, baada ya nusu saa linazama, na kuzama kwake kunavuta kamba inayoachia mpira, mpira unaanguka juu ya nyoka, nyoka anainama kwa uzito wake na kulivuta bakuli juu tena. Mna pia kufuli la kasha linalofunguliwa kwa kupanga herufi. Miaka mia nane! Wa kuzaliwa alisikiliza yote hayo, akauliza kama wale ndugu watatu waliandika kitabu kimoja bila kupigana. Tukamwambia inaonekana hivyo. Akasema basi hawakuwa na mawifi.

The Room Two, ya mwaka 2013, hatukuimaliza. Kuna mahali mna kikao cha kuita roho za waliokufa, na ingawa ni picha tu, mmoja wetu hakutaka kugeuza chochote mle. Mwingine anasema mpaka leo kwamba ni kutia chumvi. Tumeliacha hivyo. Asiyetaka asilazimishwe, gemu ziko nyingi.

Tukaruka mpaka The Room: Old Sins ya mwaka 2018, na hapa kidogo tuandike polepole.

Katika gemu hii mhandisi mmoja na mkewe wametoweka ghafla. Wewe unapanda darini kwao unakuta nyumba ya mwanasesere, kubwa, nzuri, ya kizamani. Ukiitazama kwa ile lenzi unaingia ndani yake, kila chumba kwa wakati wake, jiko, ukumbi, chumba cha kusomea. Ulichokipata jikoni hakina kazi jikoni, kinafungua kitu chumba kingine kabisa, na kwa hiyo unakwenda na kurudi, juu na chini, mpaka unaijua nyumba ya watu kama yako. Na huku na huku kuna barua na vijikaratasi. Ukiviunga unaanza kuona ndoa ile ilivyokuwa: mume amezama kwenye kazi yake hata haonekani, na mke anaona.

Usiku wa tatu wa gemu hii, wa kuzaliwa aliweka tableti chini katikati ya fumbo. Haikuwa zamu ya kukwama. Akasema nyumba yake ilikuwa hivi. Jambo limeharibika chumbani, unalitafuta jikoni. Akasema mengi, mpaka karibu na alfajiri, na mengi hayo si ya kuandikwa kwa sababu ya mtu mwingine ambaye hayupo hapa kujitetea. Tutaandika moja tu. Siku alipopelekwa kwa mumewe, miaka minne kabla, kuna mtu wa nyumba ile alisema kwa sauti ya kusikika: tutaona huyu atakaa miezi mingapi. Aliyabeba maneno yale miaka minne. Alipoyasema kwa mwenziwe hakujua kama anayasema yeye au yanajisema.

Wa kuolewa hakuwa na la kujibu, ila alisimama, akaenda akafungua kufuli lake, akamwita mwenziwe aingie. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia humo tangu harusi. Mle ndani hamkuwa na dhahabu wala pesa. Kulikuwa na sanduku la safari, limefungwa zipu, limejaa, limesimama nyuma ya mlango. Wa kuolewa alilifunga wiki ya pili baada ya mume kuondoka. Alikuwa anangoja neno moja zaidi tu arudi kwao Pemba, na hakutaka mtu alione.

Tulikaa kitandani tunalitazama. Lilikuwa sanduku la rangi moja na yale mawili ya wa kuzaliwa. Siku hizi maduka yote yanauza rangi hiyo. Tulicheka mpaka mama akagonga ukuta.

Hatukulifungua usiku ule. Lilikaa pale kiasi cha wiki mbili, halafu siku moja likafunguliwa kwa kuwa deli iliyotakiwa ilikuwa ndani, na nguo nyingine zikatoka nayo.

Sasa la kasha. Ukumbini kwetu mna kasha la bibi, lile la mninga lenye misumari ya shaba, droo tatu chini, na ndani ubavuni kisanduku kidogo chenye mfuniko wake. Tumelipita kila siku. Baada ya miezi ya kucheza The Room, macho yakaharibika. Tukaanza kuona kwamba kile kisanduku cha ubavuni kwa nje ni kirefu kuliko kwa ndani. Tukapima kwa utepe wa fundi. Vidole vitatu vilikuwa vimepotea! Mama alipokwenda msibani tukatoa mashuka yote, tukapiga magoti mbele ya kasha. Wa kuolewa akagusa kila msumari. Wa kuzaliwa akauliza nguvu inaingia wapi. Ilituchukua mpaka Alasiri kugundua kwamba mfuniko ukiinuliwa nusu, siyo wote, ubao wa mbele unateleza kwenda juu, na nyuma yake kuna droo mbili ndogo mno.

Moja ilikuwa tupu. Nyingine ilikuwa na pini mbili za nywele, maganda ya iliki na noti ya shilingi isiyotumika tena.

Mama alirudi akatukuta sakafuni. Akatazama, akavua buibui lake taratibu, akasema: "Hilo mnaligundua leo? Mimi nimelijua tangu wiki niliyoolewa. Mkwe wangu ndiye aliyenionesha, nifiche pesa za kula baba yenu asizione." Kisha akachukua ile noti akaenda nayo chumbani kwake, na hatujaiona tena.

Kwa anayetaka kujaribu: anzeni na Machinarium, kwa kuwa haihitaji Kiingereza wala kusoma. The Room ina barua za Kiingereza, lakini fumbo lenyewe linafunguka bila hizo. Zote zinachezwa kwenye simu, ila kwa watu wawili tableti ni bora, vichwa havigongani. Hazina saa inayokukimbiza wala adui wa kukuua, adhana ikitoka unaiweka chini na kasha linakungoja pale pale. Wekeni taa nyuma yenu, siyo mbele. Na mume akitaka kujiunga mwacheni, ila asishike tableti kwanza. Wanaume wanapenda kulazimisha droo.

Wa kuzaliwa ameposwa. Ndoa, inshaallah, Mfunguo Pili. Anaogopa, na ameruhusu hilo nalo liandikwe. Juzi alimwomba mwenziwe lile kufuli aende nalo. Wa kuolewa amemnyima. Liko kwenye banda la kuku, anasema, na kuku nao wana haki zao.

Tableti bado haijaamuliwa. Mmoja anaitia kwenye sanduku la bibi harusi, chini ya kanga, na mwingine anaitoa. Imekwenda na kurudi mara tatu. Sasa hivi iko hapa mezani kwa sababu tumerudi kwenye The Room Three, na kwenye mnara wa taa kuna mlango umetushinda tangu Jumatatu. Anayejua unavyofunguka asitwambie.